Jioni Wanakwenda Wapi? Filamu Sita na Swali la Mama

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Walinena hivyo kabla ya sinema kubisha hodi kwetu, kwa maana mtazamaji wa filamu huona kile tu ambacho mwenye kamera amekubali kumfunulia. Katika likizo ya Aprili nilitazama filamu sita nyumbani kwangu Ruiru, baadhi kwa mara ya kwanza na nyingine kwa mara ya pili au ya tatu. Nilikuwa nikizipima kabla ya kuziweka mbele ya wanafunzi wa chama cha filamu katika shule ninayofundisha mjini Thika. Nilidhani kazi hiyo ningeifanya peke yangu, kalamu mkononi, kama impasavyo mwalimu wa fasihi. Kumbe kipimo nilichokihitaji kilikuwa kwa mama yangu mzazi, ambaye hakupata kuingia darasa la sekondari maishani mwake.

Nilianza na The Flame Trees of Thika kwa ajili ya jina lake. Mfululizo huo wa sehemu 7 ulitengenezwa na kampuni ya Thames Television ya Uingereza, ukaonyeshwa mwaka 1981. Umetokana na kitabu cha Elspeth Huxley kilichochapishwa mwaka 1959, ambamo mwandishi anakumbuka jinsi wazazi wake walivyofika Thika mwaka 1913 ili kupanda kahawa, yeye akiwa mtoto wa miaka sita hivi. Hayley Mills anaigiza mama, naye Holly Aird anaigiza mtoto. Aliyezoea kupita Thika ataelewa mvuto wake. Hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908 karibu na maporomoko ya mito ya Chania na Thika, ingalipo hadi leo. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu wajivunie kwamba jina la mji wao limevuka bahari na kuingia katika nyumba za watu wasiojua hata nanasi humea vipi.

Mama alikuwa amekuja kupumzika kwangu. Aliketi kando yangu na kikombe chake cha chai, nami nikawa namfasiria Kiingereza kwa Kikuyu. Alimpenda yule mtoto. Alicheka alipowaona wageni wakihangaika na mizigo yao katika nyika, na akasifu nguo za mama mwenye shamba. Lakini walipotokea vibarua wakichimba mashimo ya miche ya kahawa, alinyamaza. Yeye mwenyewe alichuma kahawa kwa madebe katika mashamba ya Ruiru tangu utotoni. Baada ya kitambo akaniuliza, bila hasira yoyote, "Mwanangu, hawa wanaochimba, jioni wanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudisha picha nyuma, nikatafuta. Si kweli kwamba Waafrika katika mfululizo huu hawana majina, kwa sababu wapo akina Njombo, Juma na Sammy, na haki ni kusema kwamba wamepewa zaidi ya kubeba sinia. Hata hivyo, kamera hufika kwenye vibanda vyao kwa nadra, na inapofika kwa kawaida huwa imefuatana na mwenye shamba au mwanawe. Jua likitua, sisi watazamaji hubaki kwenye taa ya wageni, tukisikiliza mapenzi yao na huzuni zao. Vibarua huingia gizani na kurudi asubuhi wakiwa na majembe. Hatuambiwi kilichowaleta shambani, wala kwamba kodi ya kibanda ilikuwa imeshaanza kuwasukuma vijana wa Kikuyu kwenda kutafuta fedha kwa mgeni aliyekalia ardhi iliyokuwa ya watu. Huxley aliandika kumbukumbu za mtoto, na mtoto hulala mapema. Udhuru huo naukubali kwa mwandishi. Kwangu mimi, mwalimu niliyeusifu mfululizo huu miaka yote hiyo bila kuuliza swali la mama, siukubali.

Tangu jioni hiyo nimeliuliza swali lilo hilo kila filamu iliyonijia.

Niliendelea na The Kitchen Toto ya mwaka 1987, iliyoelekezwa na Harry Hook. Msomaji atatambua kwamba neno hilo la pili ni mtoto wetu aliyekatwa silabi ya kwanza ili amtoshe bwana kinywani. Mhusika mkuu ni Mwangi, anayeigizwa na Edwin Mahinda. Baba yake ni mchungaji, anauawa kwa kuwapinga Mau Mau, na kijana anachukuliwa kufanya kazi katika jiko la afisa wa polisi Mzungu. Hapa swali la mama linapata jibu, kwa kuwa kamera inamfuata Mwangi hata nje ya nyumba kubwa. Tunaona anakolala, tunaona wanaomjia usiku kumlisha kiapo, tunaona hofu yake. Ninachokilalamikia ni kwamba kijana huyu amepewa jioni lakini hakupewa hiari. Ni mpira baina ya majeshi mawili, unapigwa huku na kurudishwa kule. Yamkini ndivyo mambo yalivyokuwa kwa wengi, ila mhusika asiyetaka lolote kwa nafsi yake huishia kuonewa huruma tu, na huruma ni heshima ndogo.

Mama aliniomba niizime kabla haijafika nusu. Alisema kwamba hiyo anaijua. Nilijifunza hapo jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha mwalimu, kwamba kabla ya kuwasha picha inafaa kufahamu ni nani aliyeketi chumbani.

Filamu ya tatu, The First Grader ya mwaka 2010, tuliitazama hadi mwisho. Mwelekezi wake ni Justin Chadwick wa Uingereza, na kisa chake ni cha kweli. Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa amepigana na kufungwa wakati wa Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza mwaka 2003, na mzee alishika neno la serikali kama lilivyotamkwa. Oliver Litondo, ambaye wazee wetu walimjua kama msomaji wa habari katika televisheni, anamwigiza kwa utulivu unaoshika moyo. Naomie Harris anaigiza mwalimu Jane Obinchu, anayempokea mzee darasani huku wazazi na wakubwa wa elimu wakimpinga.

Walimu wenzangu, itazameni. Si mara nyingi tunaonekana kwenye filamu kama watu wenye kazi ngumu na akili zetu wenyewe. Maruge ana anachokitaka, yaani kusoma kwa macho yake barua aliyoletewa na serikali, na kwa kutaka huko anakuwa mtu mzima mbele yetu. Jioni zake pia tunazijua, maana zimejaa kambi za kizuizini zinazomrudia kama ndoto. Kasoro yake naiona katika lugha. Watu ambao huko Eldoret wangezungumza Kiswahili, Kikalenjin au Kikuyu wanazungumza Kiingereza kwa sehemu kubwa, hata wanapokuwa peke yao. Mama alinitazama akauliza kama watu wa Eldoret wote ni wasomi. Mtengenezaji alimkumbuka mtazamaji wa London, na mama yangu akalazimika kufasiriwa kisa cha mzee wa rika la baba yake.

Kesho yake nilikwenda kunyolewa mjini Ruiru. Katika kinyozi kulikuwa na filamu ya mapigano kutoka ng'ambo, na juu yake sauti ya DJ Afro ikisimulia kila tukio kwa Kiswahili chenye chumvi na mizaha ya mtaani. Wateja waliokwisha kunyolewa walikuwa hawaondoki. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nimewakemea wanafunzi kwa kuiga usemi wa namna hiyo, nikidai unaharibu Kiswahili sanifu. Siku hiyo nilisikiliza kwa sikio jingine. Huyu ni fanani mbele ya hadhira yake. Anabadili sauti, anachochea, anamsuta mwovu, anampa shujaa jina ambalo watu watalikumbuka. Sanaa hii si ya Kenya pekee. Watanzania walikuwa na msimulizi wao Lufufu, na Uganda wanao mafundi kama VJ Jingo. Mabanda ya video yamewafundisha watu wetu kwamba sinema inaweza kusemwa kwa lugha ya nyumbani, jambo ambalo filamu nyingi zenye tuzo hazijaliweza.

Mipaka yake pia niitaje. Kinywa ni chetu lakini mwili wa filamu unabaki kuwa wa mwingine. DJ Afro anaweza kumchekesha mtazamaji wa Ruiru juu ya majambazi wa Hong Kong, lakini hawezi kuisogeza kamera ikaonyesha jioni ya kibarua wa Ruiru. Kwa hilo zinahitajika filamu zetu wenyewe.

Ndiyo sababu nilifurahi kukumbuka kwamba Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inaanza na kijana wa kazi hiyo hiyo. Mwas anauza filamu kijijini, na ili wateja wanunue anawaigizia mapigano yaliyomo, akiwa jeshi zima peke yake. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji Nairobi. Anafika mjini, anaporwa siku ya kwanza, anaonja rumande, na mwishowe anaishi maisha mawili, mchana mazoezi ya mchezo wa kuigiza, usiku wizi pamoja na genge la Oti. Mwelekezi ni David 'Tosh' Gitonga, na Joseph Wairimu aliyeigiza Mwas alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Durban mwaka huo. Hii ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwasilisha kuwania tuzo ya Oscar.

Wanafunzi wangu huipenda kupita kiasi. Mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, huyu ni sisi." Walimu wengine huiogopa kwa matusi yake na damu yake, na mimi mwenyewe siwezi kuwaonyesha wa kidato cha kwanza. Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema inafundisha wizi. Inafundisha bei yake. Kila shilingi anayoipata Mwas usiku inalipwa na mtu, na mwishowe inalipwa na marafiki zake. Lugha yake ni ile tunayoisikia kituoni, Kiswahili, Sheng na Kikuyu bila kuomba radhi.

Lakini tusiwahukumu Waingereza kwa kipimo ambacho hatutaki kitufikie sisi. Katika filamu hii yumo Amina, msichana anayeuza mwili wake, mpenzi wa Oti. Nilimuuliza mama, ambaye alikuwa akifuatilia vizuri safari hii, ni nini ambacho angependa kujua zaidi. Akasema, "Yule msichana ni wa nani?" Filamu haisemi. Amina yupo ili wanaume wawili wamtamani na wamgombanie. Hatujui alitoka kijiji gani wala anamtumia nani fedha. Hapo sisi wenyewe, kwa kamera yetu na lugha yetu, tumemfanyia binti yetu yale waliyofanyiwa vibarua wa Thika.

Filamu ya tano iliniponya kidogo. Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoelekezwa na Likarion Wainaina, inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa na ambaye ana ugonjwa usiopona. Stycie Waweru anamwigiza kwa namna ambayo humfanya mtazamaji asahau kwamba anaigiza. Mama yake anamtoa hospitalini ili amalizie siku zake nyumbani. Dada yake, kwa kushindwa kuvumilia kumwona amejifungia, anaanza kumhadaa kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingizwa katika hadaa hiyo, hadi wanaazimia kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Mwisho sitausimulia.

Katika chumba cha walimu tumebishana juu yake. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba ni dhambi kumdanganya mtoto anayekaribia kifo, na kwamba mama wa Jo anayetaka ukweli na utulivu ndiye mwenye haki. Mimi naona kwamba Jo anajua zaidi ya wanavyodhani, na kwamba yeye ndiye anayewapa wakubwa nafasi ya kufanya jambo badala ya kukaa wakilia. Hoja zote mbili zina nguvu, na hiyo ndiyo sifa ya filamu hii darasani. Mwanafunzi wa fasihi aliyekwisha kuulizwa mara mia maana ya ubunifu ataiona hapa kwa macho, yaani uongo ambao wote waliohusika wameukubali kwa upendo. Na kuhusu swali la mama, jioni zimejaa tele. Tunajua Jo anakolala, nani anamfunika blanketi na nani anashindwa kulala kwa ajili yake. Kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote sita.

Ya mwisho haikutengenezwa kwa hadithi ya kubuni. Our Land, Our Freedom ya mwaka 2023, kazi ya Zippy Kimundu na Meena Nanji, inamfuata Wanjugu Kimathi akitafuta mabaki ya baba yake, Dedan Kimathi, na kudai haki ya ardhi kwa wazee waliopigania uhuru. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa mahali ambapo jamaa zake hawakuonyeshwa. Mkewe, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 bila kupata nafasi ya kumzika mumewe. Kutoka Ruiru hadi Kamiti si safari ya kufungiwa masurufu. Wanafunzi wangu wengine huliona gereza hilo wakienda kuwatembelea shangazi zao, wakalipita bila kujua.

Ningependa filamu hii ingewapa wazee wengine waliomo muda mrefu zaidi wa kuzungumza, kwani baadhi yao hawatapatikana tena kuulizwa. Lakini nilipokuwa nikiitazama niligundua kwamba Wanjugu anauliza swali lile lile la mama yangu, ila kwa uchungu mkubwa zaidi. Mtu huyu mlimpeleka wapi? Amelala wapi? Mama aliitazama yote bila kuniomba niizime. Ilipokwisha aliniambia kwamba sasa ameona mtu akiuliza kwa sauti.

Ndipo nami nikapata ujasiri wa kumuuliza nilichopaswa kumuuliza miaka arobaini iliyopita. "Mama, na ninyi jioni mlikuwa mkienda wapi?" Akanieleza juu ya kijiji cha wakati wa Hali ya Hatari, ambako watu walikusanywa kwa nguvu kuanzia mwaka 1954, kikiwa kimezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Akanieleza juu ya nyumba za laini shambani baadaye, chumba kimoja, moshi, na watoto wanne kwenye ngozi moja. Kisha akasema kwamba mama yake akishafunga mlango, ndipo alipoanza kuwatolea hadithi. Za fisi, za majitu, na nyingine za mwenye shamba mwenyewe, akiigwa sauti na mwendo, watoto wakijiziba vinywa wasisikike wakicheka.

Nimefundisha fasihi simulizi miaka yote hii bila kujua kwamba ilifanyikia hapo, mwendo wa dakika chache kutoka ninapoishi.

Basi hili ndilo ninalowaletea walimu na wanafunzi. Shule zetu zina Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, na kila mwaka naona filamu za wanafunzi zinazoiga mapigano ya ng'ambo au hotuba za maadili ambazo hakuna mtu anayezisema nyumbani. Itazameni kila filamu, ya mgeni na ya mwenyeji, mkijiuliza kamera inamwacha nani mlangoni jua likitua, na wale waliobaki ndani wanasema kwa lugha gani. Kisha chukueni simu hizo ambazo sisi walimu hatuchoki kuwanyang'anya, mwende kwa nyanya na babu zenu Gatundu, Kiandutu, Juja au Githurai, mwaulize swali moja tu, halafu mnyamaze wasimulie. Msiwakosoe sarufi.

Muhula utakapofunguliwa, chama chetu kitaanza na kazi hiyo kabla ya kutazama chochote. Mimi nimeshaanza na mama. Amekubali kurekodiwa kwa sharti kwamba kwanza nimpeleke akaone yalipokuwa mashamba aliyochuma, ambako sasa kumejengwa nyumba za kupangisha, na kwamba nisimkatize.